Daftari la George Fife Angas



Ndugu msomaji, muhula uliopita mwalimu wetu wa fiqhi ya muamalat alitupa kazi ambayo mwanzoni niliiona nyepesi. Kila mmoja wetu achague tajiri wa zamani asiyekuwa Mwislamu, kisha aandike maisha yake kwa kuifuata mali yake: ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani, ikaishia wapi. Wenzangu wengi walikimbilia majina makubwa ya Marekani. Mimi nilikuwa nikisoma juu ya fidia ambayo Uingereza ililipa utumwa ulipofutwa, nikakutana na jina la George Fife Angas. Darasani hakuna aliyekuwa amelisikia, lakini ukienda Australia Kusini utalikuta kwenye mji, kwenye mitaa na kwenye chuo kikuu. Watu wa huko wamemhesabu miongoni mwa waasisi wa nchi yao.

Kazi ile iliniangukia wakati mgumu. Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, na nilipokuwa naianza nililetewa habari kwamba mzee mmoja wa mtaani kwetu amefariki. Mzee huyo, Mungu amrehemu, ndiye aliyenilipia ada kuanzia sekondari mpaka nikafika chuoni hapa Uganda. Familia yake ikaniomba, kwa kuwa mimi ndiye msomi wao, niandike wasifu mfupi wa kusomwa siku ya arobaini. Basi nikawa na maisha ya watu wawili mezani. Wa pili alinisaidia kumwandika wa kwanza, na wa kwanza akanifanya nimsome wa pili kwa jicho kali zaidi.

Mtoto wa fundi wa magari ya farasi

Angas alizaliwa tarehe 1 Mei 1789 katika mji wa Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Caleb Angas, alikuwa fundi na mfanyabiashara wa magari ya kuvutwa na farasi, na biashara hiyo ilikuwa imewainua wakawa watu wa kuheshimika mjini. Walikuwa Wabaptisti, yaani Wakristo walio nje ya Kanisa rasmi la Uingereza. Wakati ule watu wa madhehebu kama hayo walifungiwa milango mingi: vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada, na vyeo vya serikali vilikuwa na vikwazo. Wengi wao waliingia kwenye biashara, na wakashikana sana wao kwa wao. Sisi tuliokulia katika jamii za Waislamu wachache tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Akiwa na miaka 15 aliingia kujifunza kazi kwa baba yake. Baadaye alikwenda London kuongeza ujuzi, akarudi Newcastle kuwa msimamizi wa karakana. Mwaka 1812 alimwoa Rosetta French, na Mungu akawajaalia watoto saba. Katika miaka hiyo alikuwa mmoja wa waliounganisha shule za Jumapili za Newcastle. Shule hizo zilikuwa kitu kikubwa kuliko jina lake, kwa sababu watoto wa maskini walifanya kazi siku sita na Jumapili ndiyo nafasi pekee waliyopata kujifunza kusoma. Jambo hili sitalipunguza. Mtu aliyewafundisha watoto wa wachimba makaa kusoma ametenda wema, awe wa dini gani.

Mahogani na Honduras

Gari zuri la farasi linataka mbao nzuri, na mbao nzuri ya zama hizo ilikuwa mahogani. Familia ya Angas iliifuata mpaka Honduras ya Waingereza, nchi ambayo leo inaitwa Belize. Wakawa na meli, wakawa na mawakala, na mwaka 1824 George akahamia London kuusimamia upande huo wa biashara.

Hapa ndipo mimi nilipokwama kwa wiki nzima. Miti ile haikuanguka yenyewe. Iliangushwa na Waafrika waliokuwa watumwa, ambao walipelekwa msituni makundi kwa makundi, wakaikata na kuikokota mpaka mtoni. Mbao zilizopendeza katika magari ya mabwana wa Newcastle zilianza safari mabegani mwa watu hao.

Wanaomsifu Angas wanaeleza kwamba aliuchukia utumwa, na si uongo. Alipojua kwamba kule Honduras kulikuwa na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati walioshikwa utumwani kinyume hata cha sheria ya Waingereza wenyewe, alipigania waachiwe, na katika miaka hiyo ya 1820 mamia yao wakapata uhuru. Aliwasaidia pia wahubiri waliokwenda huko. Kitabu kikubwa cha maisha yake, kilichoandikwa na Edwin Hodder na kutoka mwaka 1891, kinamwonyesha kama mtetezi wa waliofungwa.

Kisha ukaja mwaka 1833, na Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi. Ilitengwa fidia ya pauni milioni 20, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa za kutisha. Fidia hiyo hawakupewa waliotumikishwa. Walipewa waliowatumikisha, kwa hesabu ya vichwa, kana kwamba wamepoteza ng'ombe. Serikali ililazimika kukopa kwa mabenki ili ilipe, na deni hilo pamoja na yaliyounganishwa nalo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Yaani sisi tulio vyuoni leo tulikuwa tumeshazaliwa, na walipakodi wa Uingereza walikuwa bado wanailipia fidia ya mabwana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London wamekusanya kumbukumbu za malipo yale, na jina la Angas limo. Limeunganishwa na madai matano ya Honduras yanayohusu watu 121, na malipo yake ni pauni 6,942. Mtetezi wa watumwa alipokea fidia ya watumwa. Nilijaribu kumtafutia udhuru: pengine palikuwa na watu waliomdai, pengine aliyapokea madai yaliyotokana na madeni ya wengine, kwa sababu mfanyabiashara huwa anashikilia haki za watu wengi. Lakini udhuru wowote utakaompa, wale 121 hawakupata hata senti.

Benki na kampuni

Katika muongo huohuo wa 1830 Angas alikuwa anageuka kutoka kwenye mbao kwenda kwenye fedha. Alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa mwanzo wa National Provincial Bank, iliyoanzishwa mwaka 1833 ili kufungua matawi katika miji ya Uingereza nje ya London. Baada ya miaka michache alishiriki kuanzisha Union Bank of Australia. Lakini jambo lililolifanya jina lake libaki ni koloni la Australia Kusini.

Koloni hilo lilibuniwa London kabla mkoloni mmoja hajafika huko. Fikra yake ilikuwa hivi: makoloni mengine ya Australia yalijengwa kwa wafungwa, hili lisiwe na mfungwa hata mmoja. Ardhi iuzwe kwa bei isiyo ya kutupa, na fedha ya mauzo itumike kuwalipia nauli wafanyakazi huru. Na kwa akina Angas kulikuwa na jambo kubwa zaidi, kwamba isiwepo dini rasmi ya serikali itakayowakandamiza wengine. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1834, lakini iliweka sharti: hakuna kuondoka mpaka ardhi ya thamani ya pauni 35,000 iwe imeuzwa.

Ardhi haikununuliwa. Watu walisita kutoa fedha yao kwa shamba wasilowahi kuliona, upande wa pili wa dunia. Mwaka 1835 mpango ulikaribia kufa. Bei ikateremshwa kutoka shilingi 20 kwa ekari hadi shilingi 12, na Angas pamoja na wenzake wawili wakanunua zaidi ya ekari 13,000 kwa mkupuo. Kisha wakaunda Kampuni ya Australia Kusini, yeye akiwa mwenyekiti, wakaihamishia ardhi ile kwa bei waliyonunulia. Meli za Kampuni ndizo zilizotangulia. Duke of York ilifika Kisiwa cha Kangaroo tarehe 27 Julai 1836, na mwezi Desemba gavana akatangaza serikali yake bara. Kampuni ilipeleka kondoo, mafundi, vifaa vya kuvulia nyangumi, na benki yake. Wasomi wengi wanasema bila fedha ya Angas koloni lile lisingezaliwa.

Sasa nirudi kwenye somo letu. Katika fiqhi tuna mlango wa kuhuisha ardhi mfu: mwenye kuilima ardhi isiyo na mwenyewe anapata haki juu yake. Sharti la kwanza kabisa ni kwamba isiwe na mwenyewe. Sheria ya 1834 iliihesabu nchi ile kuwa tupu, isiyokaliwa. Lakini bonde la Adelaide lilikuwa na wenyewe, watu wa Kaurna, na vilima vya mashariki yake vilikuwa na Waperamangk. Serikali ya London ilijua. Hati ya mfalme ya Februari 1836 iliweka kifungu kwamba haki ya wenyeji kuishi katika ardhi wanayoikaa isiguswe. Kifungu kilibaki kwenye karatasi. Shilingi 12 za kila ekari zililipwa London, na aliyezipokea hakuwa mwenye ardhi.

Wachungaji na kondoo zao

Mwaka 1836 alifika London mchungaji wa Kijerumani aitwaye August Kavel, kutoka kijiji cha Klemzig katika Prussia. Mfalme wa Prussia alikuwa ameyaunganisha makanisa ya Kilutheri na ya Kireformati kwa amri, akataka wote wafuate utaratibu mmoja wa ibada. Walutheri wa zamani walikataa. Wachungaji wao walifungwa, na mikusanyiko yao ikavunjwa na askari. Kavel alikuwa akitafuta mahali pa kuwahamishia watu wake.

Aliletwa kwa Angas, na Angas akaguswa. Alikuwa ameonja yeye mwenyewe, japo kwa kiasi, maisha ya kuwa nje ya dini rasmi. Alimtuma karani wake mkuu, Charles Flaxman, kwenda Ujerumani kushughulikia safari. Mfalme aliwakawiza kwa muda mrefu kabla ya kutoa ruhusa, na watu waliokwisha kuuza mashamba yao wakabaki wakingoja. Hatimaye, mwaka 1838, wakaondoka. Meli yao ya kwanza, Prince George, ilifika Australia Kusini mwezi Novemba. Meli nyingine zilikuwa Bengalee na Zebra. Nauli yao na gharama za kuanzia maisha zilitoka kwa Angas, takriban pauni 8,000 za mfukoni mwake.

Ndugu msomaji, hapa pana utu. Mtu wa nchi nyingine na dhehebu jingine anawatoa mamia ya watu kwenye dhuluma, na hakuna benki timamu ambayo ingewakopesha wakulima wasio na kitu. Lakini haikuwa sadaka. Ilikuwa mkopo, na mkopo wenye riba. Walipofika walipanga ardhi yake kando ya mto Torrens, wakakiita kijiji chao Klemzig kwa kukumbuka kwao, wakaanza kulima mboga na kuziuza Adelaide.  Kila senti waliyoiweka ilikuwa na safari mbili, moja kwenye chakula na nyingine kwenye deni. Baadaye wengi walihamia bonde la Barossa, katika ardhi ya Angas, wakaanzisha Bethany mwaka 1842 na vijiji vingine. Walilipa kwa miaka. Walimshukuru kwa dhati na walimlipa kwa dhati, na sioni kwamba kimoja kinaufuta ukweli wa kingine.

Kitu kingine kilitoka kwenye mkono huohuo. Angas aliwasaidia kwa fedha wamisionari wawili wa Kijerumani, Teichelmann na Schürmann, waliofika Adelaide Oktoba 1838. Hao walikaa na watu wa Kaurna, wakajifunza lugha yao, na mwaka 1840 wakachapisha sarufi na orodha ya maneno yake. Ndani ya vizazi viwili lugha hiyo ilikuwa imekaribia kunyamaza kabisa, kwa sababu wenyewe walikuwa wameondolewa kwenye ardhi yao. Leo wajukuu wao wanaifufua, na nguzo yao kubwa ni kitabu kile. Fedha iliyonunua nchi ya watu hao ndiyo iliyosaidia kuihifadhi lugha yao. Nimeshindwa kuipanga sentensi hiyo upande wa sifa au upande wa lawama, nikaiacha palepale ilipo.

Karani aliyevuka mipaka

Flaxman alisafiri na Wajerumani wa meli ya kwanza akiwa wakala wa Angas. Alipofika alikuta watu wanagombania ardhi. Serikali ya koloni ilikuwa na utaratibu kwamba mwenye kuweka pauni 4,000 anaweza kuomba eneo zima lipimwe, kisha achague humo ekari 4,000 bora. Mtaalamu wa mawe aitwaye Johannes Menge alikuwa amezunguka Barossa na kuisifu mno. Flaxman akaingia tamaa, au tuseme akaona mbele. Akachukua maeneo saba. Saba mara 4,000 ni ekari 28,000, na pauni 28,000, akamwandikia bosi wake London hati za kulipa.

Wenzangu wa sharia watakuwa wameshatabasamu. Hii ni mas'ala ya fudhuli, mtu anayefanya biashara kwa mali ya mwingine bila idhini. Madhehebu yetu ya Shafi'i, katika kauli mpya, yanaibatilisha biashara hiyo moja kwa moja. Wahanafi na Wamaliki kwa jumla wanaisimamisha: mwenye mali akiidhinisha inapita, akikataa inaanguka. Nimeisoma mas'ala hii mara nyingi kwa mifano ya mbuzi na nguo. Sikuwahi kuiona ikimwangukia mtu kwa ekari 28,000.

Angas hakuwa na fedha hiyo mkononi. Kukataa hati kungeliangusha jina lake, na mwenye benki asiye na jina hana kitu. Akakubali kubeba mzigo. Wakati huohuo koloni lenyewe likafilisika. Gavana Gawler alikuwa ametumia kupita kiasi, London ikakataa kulipa hati zake, na mwaka 1841 akaondolewa. Bei ya ardhi ikaporomoka. Angas, aliyekuwa anakaribia miaka 55, aliuza hisa zake za benki na mali nyingine ili asizame, na uhusiano wake na Flaxman ukaharibika. Mwaka 1843 alimtuma mwanawe John Howard, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajatimiza, akaiokoe mali ya Barossa. Kijana huyo alijifunza Kijerumani kwanza, ili aweze kuzungumza na wapangaji wa baba yake kwa lugha yao.

Kisha upepo ukageuka. Shaba ilipatikana Kapunda mwaka 1842 na Burra mwaka 1845, watu wakaja, ngano na sufu zikapata soko, na Wajerumani wale wenye deni wakaifanya Barossa kuwa bustani. Kosa la Flaxman, lililokaribia kumfilisi Angas, ndilo lililomfanya tajiri mkubwa. Lakini tuliseme vizuri: ardhi haikupanda bei kwa bahati tu. Ilipanda kwa mikono ya walioilima huku wanalipa.

Barazani na Lindsay Park

Angas alifika Australia Kusini kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1851, akiwa na miaka 61. Fikiria hilo: nchi aliyoigharamia kwa miaka 15 alikuwa hajawahi kuikanyaga. Mwaka huohuo watu wa Barossa walimchagua kuingia Baraza la Kutunga Sheria bila mpinzani. Sishangai. Wapiga kura wengi wa huko walikuwa wapangaji wake, wadeni wake au watu walioletwa kwa fedha yake.

Baraza lile jipya lilikomesha ruzuku ya serikali kwa makanisa, jambo aliloliamini tangu ujanani, kwamba dini isimamiwe na waumini wake na siyo na hazina. Koloni lilipopata serikali yake yenyewe alichaguliwa tena mwaka 1857 katika Baraza la Kutunga Sheria, akakaa humo hadi 1866. Aliishi Lindsay Park, karibu na mji ambao tayari ulikuwa umeitwa Angaston kwa jina lake. Alijenga, alisaidia makanisa na shule, aligawa vitabu vya dini. Rosetta alifariki mwaka 1867. Yeye alifuata tarehe 15 Mei 1879, siku chache baada ya kutimiza miaka 90.

Watoto wake waliendelea kuwa watu wa kutajwa. George French Angas alikuwa mchoraji, na picha zake za wenyeji wa Australia Kusini zinatazamwa mpaka leo, wakati mwingine na wajukuu wa wale aliowachora. John Howard alikuwa mfugaji mkubwa na mbunge, na ndiye aliyetoa fedha za kiti cha uprofesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Adelaide. Mwanafunzi anayesoma kemia hapo leo, anakaa juu ya fedha ambayo ukiifuata nyuma itakupitisha Barossa, kisha London, na pengine msituni Honduras.

Hesabu

Nilipomaliza kukusanya haya, nilitaka kuandika hitimisho la haraka. Kulikuwa na mawili mepesi. La kwanza, kwamba Angas alikuwa mnafiki, akisali huku anakula. La pili, kwamba alikuwa mtu mwema wa zama zake, tusimhukumu kwa macho yetu. Mwalimu aliikataa rasimu yangu ya kwanza na pia ya pili. Alisema kazi aliyotupa ilikuwa kuifuata mali, siyo kumtia mtu peponi au motoni, kwa kuwa hilo halikukabidhiwa kwetu.

Basi nikairudia kama daftari. Upande mmoja kuna watoto wa Newcastle waliosoma, wenyeji walioachiwa huru Honduras, Walutheri waliotoka kwenye dhuluma, kitabu cha Kaurna. Upande wa pili kuna watu 121 walioandikwa kwa hesabu ya fedha, Wakaurna na Waperamangk ambao ardhi yao iliuzwa bila wao kuulizwa, na wakulima waliolipa riba juu ya uhuru wao. Kilichonipata ni kwamba pande hizi hazikatani. Katika biashara ukiwa na mia na unadaiwa sitini, unabaki na arobaini. Katika haki za watu sivyo. Wema aliomfanyia Kavel haukulipa haki ya mkata mahogani. Haki ya mtu inalipwa kwa mtu huyo, au kwa warithi wake, au anaisamehe mwenyewe. Tumelisoma hili tangu madrasa, katika masharti ya toba. Sikuwahi kuliona likiwa na uzito huu.

Nikarudi kwenye wasifu wa mzee wetu. Nilijua nililokuwa nalikwepa. Mzee yule alikuwa mkarimu, alijenga visima, alisomesha mayatima na wasio na uwezo, mimi nikiwamo. Na mtaani kila mtu mzima anajua kwamba mtaji wake ulikua kwa kukopesha akina mama wa sokoni, anakupa kiasi na unarudisha zaidi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka niliofaulu kuingia sekondari alikuwa bado anamlipa. Nilipohesabu tarehe, nikaona kwamba sehemu ya ada niliyoiita msaada wa mzee ilitoka kwenye kapu la mama.

Nilimpigia simu mama nikamuuliza afanyalo mtoto katika hali hii. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike mema yote bila kupunguza, kwa sababu ni kweli, na nisisahau lile tangazo la siku ya maziko. Ninyi nyote mnalijua. Kabla jeneza halijaondoka anasimama mtu wa familia, anasema kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi, na mwenye uwezo wa kusamehe asamehe. Siku ile lilisemwa haraka haraka, kama tunavyolisema siku zote, na hakuna mwanamke wa sokoni aliyekuwepo kulisikia, kwa kuwa wanawake walikuwa ndani.

Nikamwandikia mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye ni kama kaka kwangu. Nilimweleza, kwa adabu yote niliyoweza, kwamba wasifu nimeuandika na kila jema limo, lakini naomba mwishoni tangazo lile lirudiwe siku ya arobaini, polepole, na lifikishwe kwa akina mama pia, tena litaje wazi waliorudisha zaidi ya walichokopa. Niliogopa ataona nimekuwa mtovu wa fadhila. Ilipita wiki bila jibu. Kisha akajibu kwa mistari miwili: kwamba wamekaa kama familia, wamekubali, na daftari la mzee lipo, limehifadhiwa kabatini na majina yote.

Kazi ya mwalimu niliikabidhi siku hiyohiyo. Arobaini ni wiki ijayo, na mama ameniambia atakwenda.